Meza ya Mchoraji: Mashujaa Saba Ndani ya Fremu Moja

Mwezi huu bahasha zimejaa barakoa na majoho. Hakuna aliyeuliza namna ya kuchora mbuzi wala sura ya mheshimiwa, maswali niliyoyazoea. Kila mtu ana timu ya mashujaa. Hewala. Nitakaa zaidi na barua ya Arua, maana shida yake ni shida ya nusu ya michoro iliyolala hapa mezani. Wengine nitawajibu kadiri nafasi itakavyobaki. Mnaopiga picha kurasa zenu kwa simu, pigeni mchana karibu na dirisha, si usiku chini ya balbu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Arua. Nimebuni timu ya mashujaa saba wa West Nile na nimechora toleo zima, kurasa 20. Rafiki zangu wanasema hawawatofautishi mashujaa ila kwa rangi ya nguo, na ukurasa wa vita vya mwisho wanauruka tu. Nimeambatisha kurasa nne. Nimekosea wapi? (Mchoraji mchanga, Arua)

JIBU: Kijana wangu, kurasa zako nimezibandika ukutani hapa chumbani kwangu Nasser Road, ambapo wachapaji hupita kutwa wakisubiri pleti zao. Mmoja alisimama mbele ya ukurasa wa tatu akaniuliza, "Hawa ni watu saba, au ni mmoja anakimbia?" Usiumie. Mkono unao. Daraja la Pakwach umelichora kwa subira ambayo mimi sina, na maji ya Nile chini yake yanakwenda kweli. Ila watu wako wote ni mwanamume mmoja mwenye mabega mapana, umemchora mara saba na kumbadilishia shati. Hata yule msichana ni mwanamume huyohuyo, kasukwa nywele.

Kabla hujagusa penseli tena, weka karatasi nyembamba juu ya ukurasa wako, fuatisha umbo la nje la kila shujaa, kisha lijaze wino, liwe jeusi ti. Usiache jicho, usiache nembo ya kifuani, usiache mkanda. Mwite mdogo wako umwulize nani ni nani. Akikwama, rangi haitakuokoa. Pale Old Taxi Park konda humjua dereva wake toka upande wa pili, katikati ya umati na jua likimpiga usoni, kwa namna tu anavyotupa mguu. Msomaji naye amjue shujaa wako hivyo.

Sasa nikupe toleo la kulisoma kwa jicho hilo: Giant-Size X-Men namba 1, la mwaka 1975. Limerudiwa katika mikusanyo mingi, kwa hiyo halipatikani kwa shida. X-Men, timu ya mashujaa wa katuni za Marekani, walianzishwa mwaka 1963 na mwandishi Stan Lee pamoja na mchoraji Jack Kirby, vijana watano na mwalimu wao, na wale vijana wote walivaa sare moja. Hebu fikiria ugumu huo: sare moja! Kirby akawatenganisha kwa miili. Mmoja ana mabawa, mmoja ni theluji kutoka utosini hadi nyayoni, mmoja ni kipande cha mtu chenye miguu mikubwa kupita kiasi. Hata hivyo wanunuzi walipungua, na kuanzia namba 67 hadi 93 jarida likawa linarudia hadithi za zamani tu. Ndipo mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipoleta kikosi kipya, watu waliokusanywa kutoka nchi mbalimbali.

Wajaze wino hao wapya uone. Colossus, Mrusi anayegeuka chuma, anaijaza fremu kutoka juu mpaka chini. Nightcrawler, Mjerumani, hapendi kusimama wima. Anachuchumaa, ana mkia, na kila mkono una vidole vitatu. Wolverine wa Kanada ni mfupi kuliko wenzake, kainama mbele, makucha nje. Banshee wa Ireland ana kitambaa kilichounganishwa na mikono, akiruka kinatanuka kuwa mabawa. Storm, mwanamke anayeamuru mvua na upepo, akiinua mikono, joho lake linapanda nayo, na nusu ya anga inakuwa yake. Hujahitaji rangi hata moja.

Na kuhusu Wolverine kuna kisa ambacho wachoraji hatuchoki kukisimulia. Alikuwa ameshatokea mwaka 1974 katika jarida la Hulk, na barakoa yake, iliyobuniwa na John Romita, ilikuwa na ncha fupi. Jalada la toleo letu lilichorwa kwa penseli na Gil Kane, na Kane akazichora zile ncha ndefu, zimechongoka kwenda juu, kinyume na mchoro wa awali. Kwingine angerudishiwa kazi. Cockrum alipoiona aliipenda, akarekebisha kurasa za ndani zifuate jalada. Ncha mbili tu, na leo mtoto yeyote anayemchora Wolverine huanza na hizo.

Kwa hiyo rudi kwa saba wako. Mmoja awe mnene. Mashujaa wanene ni wachache mno na wanaonekana vizuri sana kwa mbali. Mmoja awe mzee mwenye fimbo. Yule wa nguvu za maji, uliyemvika nguo ya kubana mpaka nikamhurumia kwa joto la Arua, mvike gomesi. Najua gomesi haikuanzia kwenu, lakini nani Uganda hii asiyeijua? Mabega yale yenye ncha, shingo ya mraba, mshipi mpana kiunoni na ncha zake zikining'inia mbele. Mchore akikimbia, ncha za mshipi zikipepea nyuma yake, mkono mmoja umeinua pindo asijikwae. Kivuli chake hakitafanana na cha shujaa mwingine yeyote duniani, na hukulipa senti.

Ukurasa wa vita sasa. Una fremu tisa, na katika kila fremu wamo wote saba, wa kimo kimoja, vichwa kwenye mstari mmoja na miguu kwenye mwingine. Umewapanga wasigusane hata bega. Na wote saba wanampiga adui ngumi ileile, kwa sababu adui wako umempa mwili wa mtu. Wein na Cockrum walikuwa wajanja: adui wa toleo lao ni kisiwa. Kisiwa kizima, Krakoa, chenye uhai na njaa. Huwezi kukipiga ngumi kisiwa ukashinda, basi ilibidi kazi igawanywe. Storm anakusanya umeme wa mawingu na kumpa Lorna Dane, mwenye nguvu za sumaku, na nguvu hizo ndizo zinazokirusha kisiwa mpaka nje ya dunia. Ukizisoma kurasa hizo za mwisho, fuata ule umeme kwa kidole, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kidole chako kitakuonyesha mpangilio wa picha kuliko maelezo yangu.

Wewe fanya hivi. Fremu moja kubwa, nusu ya ukurasa, ndiyo pekee yenye watu wote saba. Mtu mmoja awe mbele kabisa, karibu na msomaji, aonekane mgongo tu, mweusi. Wawili wawe katikati. Waliobaki wawe mbali, wengine hawafiki ukubwa wa ukucha wako. Waache wafunikane, shujaa akifichwa nusu na mwenzake, msomaji anaimalizia nusu ile mwenyewe. Fremu nyingine zisizidi nne, na kila moja iwe na mtu mmoja au wawili wenye shughuli yao.

Utanijibu kwamba mchoraji George Pérez alijaza makumi ya watu katika picha moja na kazi ikapendeza. Kweli, na alifurahia kazi ambayo wengine waliikimbia. Jalada la toleo la tatu la JLA/Avengers, kazi ya 2003 na 2004 inayokutanisha timu za Justice League na Avengers, limebeba karibu kila mtu aliyewahi kuwa mwanachama wa timu zile mbili. Lakini tazama macho yao: kila mmoja anatazama kitu fulani, na kitu hicho kipo. Wa kwako wote wananitazama mimi. Mwigie Pérez macho kwanza. Idadi itakuja na miaka.

Kurasa zako nitakutumia kwa basi pamoja na karatasi niliyofuatishia maumbo. Msichana wa gomesi nataka kumwona.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Busia. Binti yangu wa miaka kumi na moja amepewa na mjomba wake kitabu cha hao X-Men. Kuna mwanamke anaitwa Storm, na imeandikwa yuko Kenya. Binti anasema Kenya hiyo haifanani na Kenya tunayoiona tukivuka barabara. Ananiuliza kama ni Kenya ya zamani, na kwa nini dada huyo ana mvi zote hizo. Nimjibu nini? (Mama wa Busia)

JIBU: Mama, binti ana jicho. Mtunzie penseli.

Si Kenya ya zamani. Ni Kenya iliyochorwa Marekani, mwaka 1975, na watu waliohitaji sehemu ya mbali. Katika kurasa hizo kuna ukame, wanakijiji wanamwomba Storm mvua kana kwamba ni mungu, naye amesimama juu akiwa karibu bila nguo, nywele ndizo zinazomsitiri. Hakuna barabara, hakuna duka, hakuna shule, hakuna hata mtu mwenye jina isipokuwa yeye. Mwaka huo Nairobi tayari ilikuwa na jumba la KICC, lililokamilika 1973, linaonekana kutoka kila upande wa mji. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, mwaka uleule X-Men walipozaliwa. Kwa hiyo nchi ile na timu ile ni rika moja, ila mmoja alichorwa akikua na mwingine akaachwa alipokuwa.

Na bado ukurasa huo naupenda, nisikufiche. Mwambie binti atazame upepo. Cockrum hakuchora mistari ya upepo kila mahali kama tufanyavyo tukichoka. Aliuacha uonekane kwenye nywele. Nywele zikielekea kushoto, wingu nalo linavutwa upande huo, na mvua inaanguka kwa mshazari wa kulingana nazo. Huo ndio uchoraji wa hali ya hewa. Halafu anaingia Profesa, yule mwalimu wa X-Men, mzungu kwenye kiti cha magurudumu, kumweleza kwamba yeye si mungu na kuna kazi inamngoja kwingine. Mazungumzo hayo hunikera kila nikiyasoma. Kijiji kinaachwa na ukame wake, na hakuna anayeuliza nani ataleta mvua wiki ijayo.

Mwaka uliofuata, katika namba 102 ya jarida la X-Men, hadithi yake ilipanuliwa ikawa na mashiko zaidi. Mama yake alikuwa Mkenya, baba Mmarekani mpiga picha za habari. Yeye akazaliwa New York, familia ikahamia Cairo, wazazi wakauawa nyumba ilipobomoka na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi. Ndiyo maana mwanamke anayetembea juu ya mawingu anaogopa chumba kidogo. Alikulia mitaani Cairo akichomoa watu mifuko, kisha akashuka kusini hadi Kenya. Huyo sasa ni mtu. Hata wewe ungempa kazi dukani, ukikaa karibu na sanduku la pesa.

Nywele: kwa mujibu wa hadithi ni urithi wa ukoo wa mama. Kwa mujibu wa meza ya mchoraji, ni weupe unaong'ara kando ya ngozi nyeusi kwenye karatasi duni, na hakuna mashine inayoweza kuuharibu. Wenzake Cockrum waliona atafanana na bibi wa mtu. Akashikilia, na alikuwa sahihi.

Binti mpe kazi: auchore ukurasa huo upya, Kenya iwe ile anayoiona yeye. Malori yaliyopanga foleni mpakani, boda boda zenye mizigo ya ndizi, mama anayebadilisha pesa, na juu yao wote mwanamke mwenye nywele nyeupe anajiandaa kuwanyeshea. Nahisi madereva wa malori ndio watakaomjia juu kwanza. Akimaliza, uniletee.

SWALI: Jambo, mwalimu. Mimi ni askari, nachora wakati wa mapumziko. Nimechapisha toleo langu la kwanza. Kwenye kompyuta mashujaa walikuwa na ngozi nzuri ya hudhurungi, lakini zilipotoka mashineni wakawa kama waliopakwa masizi. Mchapaji anasema kosa ni faili langu, mimi nasema ni mashine yake. Tuamulie. (Afande wa Bombo)

JIBU: Afande, kwa sampuli uliyotuma, mchapaji kashinda, ingawa alipaswa kukuonya kabla ya kuwasha mashine.

Kompyuta inakuonyesha mwanga. Mashine ya ofseti inaweka wino wa aina nne, siani (buluu ya anga), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, pleti moja kwa kila mmoja. Ulipobadilisha faili, programu ilijiamulia yenyewe kuitengeneza hudhurungi yako kwa kuchanganya nyeusi ndani ya ngozi. Kwenye kioo huoni tofauti. Kwenye karatasi isiyo na mng'ao, kila nukta ya wino hunywewa na kutanuka, na nukta nyeusi zikitanuka usoni mwa mtu unapata hayo masizi.

Jenga ngozi kwa njano na majenta kwa wingi, kisha siani kidogo kuikoleza. Nyeusi iache kwa mistari na vivuli vizito. Kwa karatasi ya aina ya gazeti, jumla ya wino wote mahali pamoja isizidi asilimia 240. Ukizidisha, haukauki vizuri na ukurasa unachafua mwenzake. Wale wa 1975 walikuwa na shida kuliko wewe. Kila wino wa rangi ulikuwa na vipimo vitatu tu, asilimia 25, 50 au 100, ama usiwepo kabisa, na ukizidisha uwezekano huo wote unapata rangi 64, basi. Glynis Wein, aliyetia rangi toleo lile, alimtafutia Storm ngozi ndani ya rangi hizo 64. Wewe una mamilioni, na umemfikisha mtu kwenye makaa.

Mambo mengine mawili, Afande, haraka. Maneno ya kwenye viputo yawe nyeusi peke yake, asilimia 100, bila wino mwingine chini. Pleti zikisogea kidogo tu, herufi zenye wino nne hupata kivuli chekundu na msomaji anadhani macho yake yameharibika. Na toleo lako lina kurasa 22. Kitabu cha kubana kwa pini katikati huenda kwa nne nne, ndiyo maana ukajikuta na kurasa mbili tupu ambazo mchapaji alizijaza tangazo la shemeji yake. Omba sampuli moja kwenye karatasi ileile kabla ya kulipa salio. Salio ndiyo silaha yako.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, naandika katuni ya mashujaa kwa Kiswahili hapa Mbale. Maneno yetu ni marefu, viputo vinameza picha. Nifupishe vipi? (Mwalimu wa Mbale)

JIBU: Andika herufi kwanza, zungushia kiputo, picha ije mwisho. Wengi wanachora kwanza kisha wanabanana na "hawatatushambulia" kwenye pembe iliyobaki. Viputo viwe vipana kuliko virefu, mistari mitatu, na neno lisikatwe katikati. Likigoma kuingia, mhusika aseme kingine. Katika fremu za ngumi aseme maneno mawili au anyamaze, hakuna mtu anayehutubia huku akipigwa. Na sauti za matukio zisikopwe. Mtu akitumbukia ziwani ni CHUBWI, akianguka chini ni PU, mfupa ni KACHA. Ni fupi, na msomaji anazisikia.

SWALI: Nina saluni ya wanaume Kasese. Nataka Spider-Man na Black Panther ukutani nje. Mchoraji ananidai pesa nyingi, na rafiki kanitisha kwamba nitashtakiwa. Ni kweli? (Kinyozi, Kasese)

JIBU: Wahusika hao wana mwenyewe, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Kwamba kila ukuta wa nchi hii una Spider-Man haikupi wewe ruhusa. Mlipe mchoraji pesa hizohizo akubunie shujaa wako: kinyozi mwenye mashine mbili za kunyolea, milima ya Rwenzori nyuma yake na theluji juu. Andikianeni kwamba mchoro ni wa saluni yako, msaini wote wawili. Namba ya simu iwe kubwa, upande wa barabara, kwa rangi ya mafuta, maana ile ya maji haimalizi msimu mmoja wa mvua za huko kwenu.